Jicho vivu la mtoto: miwani, plasta, na lini upasuaji uamuliwe

Binti yangu alikuwa na miaka minne na nusu pale mwalimu wake wa chekechea aliponivuta pembeni na kuniambia kwamba mtoto huinamisha kichwa kila anapotazama picha kitabuni. Nyumbani tulishaliona lile jicho la kushoto likikimbilia puani, hasa jioni akichoka. Bibi yake alisema ni pambo la uso, litakaa sawa akikua. Tukaamini, na miaka miwili ikapita. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyahitaji siku ile ya chekechea, kwa mpangilio ambao ningetaka kuyapata.

Makengeza na jicho vivu ni mambo mawili. Makengeza, au upogo kama wanavyosema wazee wa pwani, ni jicho moja kutazama kwingine wakati mwenzake linatazama mbele. Jicho vivu ni jicho ambalo kwa nje huenda ni zima kabisa, ila ubongo haukujifunza kuona kupitia kwalo. Mara nyingi moja huzaa jingine: macho yakitazama pande mbili, ubongo wa mtoto hupokea picha mbili zisizolingana, nao huchagua moja na kuinyamazisha ya pili. Lakini jicho linaweza kuwa vivu bila kengeza lolote, kwa sababu tu lina hitilafu kubwa ya kuona mbali au karibu kuliko mwenzake. Na linaweza kuwa vivu kwa sababu kuna kitu kimeliziba tangu utotoni, kama mtoto wa jicho au kope iliyoanguka.

Uamuzi wote kuhusu upasuaji unasimama juu ya tofauti hiyo. Kisu hunyoosha jicho. Hakilifundishi kuona. Kazi ya kufundisha ni ya miwani na plasta ya kuziba jicho zuri, na ni ya nyumbani, siku baada ya siku.

Kwa nini usingoje akue

David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliziba jicho moja la watoto wa paka kwa miezi kadhaa. Walipolifungua, jicho lilikuwa halina ugonjwa, lakini sehemu ya ubongo iliyopaswa kulihudumia ilikuwa imeshachukuliwa na jicho la pili. Paka mkubwa akizibwa vivyo hivyo hapotezi kitu. Ubongo mchanga una msimu wake wa kupanda.

Kwa binadamu msimu huo ni mrefu. Matibabu huzaa zaidi kabla ya miaka saba, ila usikubali kuambiwa kwamba mtoto wa miaka tisa amechelewa basi. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotangazwa mwaka 2005, kati ya watoto wa miaka 7 hadi 12 waliopewa miwani, plasta na matone ya atropini (dawa ya kulegeza jicho), asilimia 53 walipata nafuu ya kuonekana, huku kati ya waliopewa miwani pekee wakiwa asilimia 25. Hata kijana wa miaka kumi na nne ambaye hajawahi kutibiwa anastahili kujaribiwa.

Hatua ya kwanza: mtazame mwenyewe, kisha usijiamini sana

Mtoto mchanga macho yake hucheza huku na huku katika miezi miwili mitatu ya mwanzo, hilo si neno. Akipita miezi minne na jicho bado linakimbia, mpeleke. Watoto wengi wenye pua pana na ngozi iliyofunika pembe ya ndani ya jicho huonekana kama wana kengeza na kumbe hawana. Simama mbele yake na tochi ya simu iliyofifishwa, kwa umbali wa mkono, uangalie kimulimuli cha mwanga kwenye mboni. Kikikaa mahali pamoja kwa macho yote mawili, huenda ni pua tu. Kikiwa katikati kwa moja na pembeni kwa jingine, kuna kengeza.

Kisha cheza naye mchezo wa kufunika jicho moja kwa kiganja huku akitazama kitu anachokipenda. Ukifunika la kulia akatulia, na ukifunika la kushoto akalia na kuusukuma mkono, umepata habari kubwa: jicho ulilofunika mara ya pili ndilo analolitegemea.

Jicho vivu lisilo na kengeza halitoi dalili yoyote. Mtoto anakimbia, anashona shanga, anaokota sindano, kwa jicho moja. Kwa hiyo kila mtoto apimwe uwezo wa kuona, kila jicho peke yake, kati ya miaka mitatu na mitano, hata kama macho yake ni mazuri kiasi gani.

Kuna dalili ambazo hazingoji kliniki ya mwezi ujao. Mboni inayong'aa nyeupe, au nyeupe kwenye picha iliyopigwa kwa flashi, inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho ambayo huwapata watoto wadogo. Nenda hospitali siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito upande mmoja, upasuaji hutakiwa katika wiki sita hadi nane za mwanzo wa maisha. Kengeza lililotokea ghafla kwa mtoto aliyekuwa hana, hasa likiambatana na kichwa kuuma, kutapika asubuhi, au kope kuanguka, ni dharura, kwa kuwa chanzo kinaweza kuwa ndani ya kichwa.

Na tafadhali, hakuna cha kudondoshea jichoni. Si maziwa ya mama, si asali, si maji ya majani. Tatizo liko kwenye ubongo na misuli, na dawa za namna hiyo zimeunguza vioo vya macho vya watoto waliokuwa na kengeza dogo tu.

Hatua ya pili: kipimo chenye matone

Hapa ndipo tulipopoteza miezi sita. Tulikwenda duka la miwani mjini, mtoto akatazamishwa kwenye mashine dakika mbili, tukauziwa miwani. Haikuwa miwani yake. Mtoto ana nguvu kubwa ya kukaza jicho, na nguvu hiyo huficha kiasi halisi cha tatizo. Kipimo cha kuaminika cha mtoto hufanyika baada ya matone ya kupanua mboni na kuilegeza nguvu hiyo. Macho ya kahawia iliyokolea huchelewa kulegea, kwa hiyo kliniki nyingine huwapa wazazi atropini ya kutia nyumbani siku tatu kabla ya kurudi. Mtoto ataona ukungu karibu na atakimbia jua. Mvalishe kofia.

Kama hujapimiwa kwa matone, hujapima.

Huduma hii ipo katika hospitali kubwa zenye kitengo cha macho: CCBRT na Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, kwa Kenya kuna Kikuyu, Kenyatta, na Sabatia kule Vihiga, kwa Uganda kuna Mengo jijini Kampala na Ruharo mjini Mbarara. Piga simu kwanza uulize siku za kliniki ya macho ya watoto, kwa sababu si kila siku utamkuta bingwa wao. Uliza pia bima yako inalipa nini: kumwona daktari, miwani na upasuaji huwa ni mafungu tofauti.

Usitoke chumbani kwa daktari bila mambo manne kuandikwa kwenye daftari la mtoto: kila jicho linaona kiasi gani (6/9, 6/60, na kadhalika; 6/60 maana yake jicho linasoma kwa mita sita kile ambacho jicho zima husoma kwa mita sitini), vipimo vya miwani, kengeza ni kubwa kiasi gani akiwa na miwani na akiwa bila, na hali ya nyuma ya jicho. Daftari hilo ndilo litakalokusaidia kuamua baadaye. La binti yangu lilisomeka 6/9 kulia na 6/60 kushoto. Nililitazama kwenye daladala njia nzima.

Hatua ya tatu: miwani, tangu kuamka hadi kulala

Watoto wengi hupata nafuu kwa miwani tu. Miongoni mwa wale ambao macho yao yanatofautiana vipimo bila kengeza, takriban robo hupona kabisa bila kuhitaji plasta. Uwezo wa kuona unaweza kuendelea kupanda kwa wiki kumi na nane za mwanzo, kwa hiyo daktari akikuambia vaa kwanza, rudi baada ya wiki sita, hajakupuuza. Jicho likiwa limedhoofika sana huenda akaanza plasta mapema. Muulize kwa nini amechagua hivi au vile.

Fremu ndiyo kazi. Nyingi zinazoletwa madukani zimetengenezwa kwa pua zilizoinuka, na kwa watoto wetu huteleza mpaka mtoto anatazama juu ya kioo. Tafuta yenye vishikizo vya pua vinavyorekebishika au vya silikoni, na kamba laini ya nyuma ya kichwa. Vioo viwe vya polikaboneti, kwa kuwa havivunjiki kirahisi. Mtoto mwenye jicho moja zuri anacheza na wenzake wenye manati na vijiti, na hilo moja hana akiba yake.

Jambo moja linawatisha wazazi wengi. Mtoto mwenye kengeza la kwenda ndani kwa sababu ya kuona mbali, akivaa miwani jicho hunyooka. Akiivua, jicho huingia ndani, pengine kuliko zamani. Jirani atasema miwani imemharibu. Haijamharibu. Alikuwa akilikaza jicho ili aone, miwani imempumzisha, na ukiivua unaona ule mkazo waziwazi.

Hatua ya nne: plasta

Kuziba jicho zuri ili baya lifanye kazi ni tiba ya zamani. Buffon, mwanasayansi wa Ufaransa, aliieleza tangu mwaka 1743. Kilichobadilika ni kipimo. Zamani mtoto alizibwa kutwa nzima. Sasa inajulikana kwamba kwa jicho lililodhoofika kiasi, saa mbili kwa siku huleta matokeo sawa na saa sita, na kwa lililodhoofika sana, saa sita hutosha badala ya kutwa. Fuata saa ulizoandikiwa. Kuzidisha kwa pupa kunaweza kulidhoofisha jicho zuri, na ndiyo sababu ya zile tarehe za kurudi, hasa kwa mtoto mdogo.

Plasta ikae kwenye ngozi, chini ya miwani. Ukiiweka juu ya kioo, mtoto huchungulia pembeni. Hakuna mtoto asiyechungulia. Zile za kutengenezwa ni ghali na wakati mwingine hazipatikani. Sisi tulikata pamba bapa ya duara, tukaifunika kwa shashi, tukaishika kwa plasta ya karatasi ya duka la dawa. Joto likizidi, jasho huibandua. Tukahamia asubuhi mapema, kabla ya jua kupanda. Tuliibandua kwa maji ya uvuguvugu, tukampaka mafuta mepesi ya nazi usiku kuzunguka jicho, na kila siku tulibadili mwelekeo wa kipande kile cha karatasi ili ngozi ipumzike. Ngozi ikichubuka, pumzika siku mbili, kisha endelea.

Wiki ya kwanza ni ngumu, na inabidi uielewe kwa upande wake: umemwondolea jicho analoona nalo, ukamwachia ukungu. Atalia, atajikwaa, atakuomba. Usimwache peke yake karibu na jiko, ngazi au barabara wakati huo. Anza na nusu saa ukiwa umekaa naye, ukipanda kila siku mbili. Saa za plasta ziwe saa za kitu kizuri: kuchambua mchele, kupanga kete, kuchora, katuni, hadithi. Si lazima iwe kazi ya karibu, lakini mikono ikiwa na shughuli haiivuti plasta.

Tulitengeneza kalenda ukutani. Kila siku iliyotimia, yeye mwenyewe alibandika nyota. Na siku zisizotimia niliziandika pia, kwa kalamu ya buluu, nikampelekea daktari kama zilivyo. Mzazi anayemwambia daktari kwamba plasta inavaliwa saa sita wakati ni moja, anamsukuma kuamini kwamba tiba imeshindwa, na uamuzi unaofuata utakuwa wa makosa.

Mwambie mwalimu mapema. Kama mtoto atavaa shuleni, akae mbele, na darasa lielezwe kwa sentensi moja: jicho lake linafanya mazoezi. Binti yangu tulimzibia nyumbani tu, kwa kuwa alitaniwa, na saa zilitosha.

Akikataa kabisa, kuna atropini. Tone la asilimia 1 kwenye jicho zuri huliletea ukungu wa karibu, hivyo lile vivu hulazimika kufanya kazi. Kwa udhaifu wa kiasi, matokeo yake ni sawa na ya plasta, na kwa wengi kutia siku mbili za mwisho wa wiki kunatosha. Bonyeza pembe ya ndani ya jicho kwa dakika moja au mbili baada ya kudondosha. Uso ukiwa mwekundu, homa ikipanda, moyo ukienda mbio, acha na uende hospitali. Chupa hiyo ni sumu ikinywewa. Ikae mahali ambapo hata kaka yake wa miaka kumi hafiki.

Uamuzi wa upasuaji

Baada ya miezi tisa jicho la kushoto lilisoma 6/12. Kengeza lilipungua kwa miwani, lakini halikwisha. Hapo ndipo daktari alipotaja upasuaji, na mume wangu na mimi tulikaa wiki tatu tukibishana. Maswali yaliyotufikisha ni haya.

Je, jicho linanyooka akiwa na miwani? Likinyooka lote, hakuna cha kupasua. Ukipasua kengeza linaloshikwa na miwani, huenda baadaye jicho likakimbilia nje, upande wa sikio. Likinyooka nusu, kinachopasuliwa ni ile nusu iliyobaki akiwa amevaa miwani.

Je, lilianza kabla ya miezi sita na ni kubwa? Huyu hangoji. Kengeza la utotoni kabisa hupasuliwa mapema, kwa kawaida kabla ya miaka miwili, ili macho yapate nafasi ya kujifunza kufanya kazi pamoja.

Je, linatoka nje mara mojamoja, akichoka au akiwa juani, kisha linarudi? Wengi wa hawa hukaa miaka bila kuzidi. Chunguza kila miezi michache, piga picha zenye tarehe. Likianza kutoka muda mwingi wa siku, au likigoma kurudi, mazungumzo ya upasuaji yanafunguka.

Je, hakuna kengeza, ila jicho halioni vizuri? Basi misuli haina kosa, na upasuaji wa misuli hauna la kufanya. Niwe wazi: anayekuahidi kwamba upasuaji wa kunyoosha utampa mtoto uwezo wa kuona, mkimbie.

Je, jicho vivu limeshatibiwa vya kutosha? Mara nyingi daktari hutaka kwanza uwezo wa kuona uongezeke, kwa sababu jicho linaloona vizuri hukaa vyema baada ya kunyooshwa. Kengeza pia lipimwe angalau mara mbili, kwa tarehe tofauti, na majibu yalingane.

Na kama mtoto ana miaka kumi na mbili, jicho halitaona zaidi ya hapo, ila linamfanya ainamishe uso kila akizungumza na watu? Hiyo nayo ni sababu halali. Kumtazama mwenzako usoni ni haki ya mtu, na upasuaji unaweza kufanywa hata ukubwani.

Kuhusu kazi yenyewe: jicho halitolewi nje likarudishwa, hilo ni uvumi. Kila jicho lina misuli sita. Daktari hufungua ngozi nyembamba inayofunika nyeupe ya jicho, hulegeza msuli unaovuta sana kwa kuusogeza nyuma, au hukaza ule mdhaifu kwa kuufupisha. Mtoto hupewa nusu kaputi, kazi huchukua kama saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Usishangae ukiambiwa watagusa macho yote mawili, au hata lile zuri. Macho hufanya kazi kama ng'ombe wawili wa jembe moja.

Muulize mpasuaji: watoto wangapi wa aina hii huwapasua kwa mwaka, na wangapi hurudia? Kwa ujumla takriban mmoja katika watano huhitaji kupasuliwa tena, kwa kuwa jicho lilibaki ndani kidogo au lilipitiliza. Kuona vitu viwiliviwili kwa siku au wiki kadhaa hutokea. Maambukizi, msuli kuteleza, au jicho kutobolewa na sindano ni nadra, na kupoteza uwezo wa kuona ni nadra sana. Uliza pia nani anatoa dawa ya usingizi na kama amezoea watoto.

Siku ile na wiki zinazofuata

Toa taarifa zote: pumu, selimundu, dawa anazotumia, ndugu aliyewahi kupata shida na nusu kaputi. Akiwa na mafua au homa, sema, hata kama mmesafiri usiku kucha; kuahirisha ni salama zaidi. Kufunga kula kwa kawaida ni saa sita kwa chakula, nne kwa maziwa ya mama, mbili kwa maji matupu, lakini fuata ratiba ya hospitali yako. Usimpe uji kwa huruma.

Akiamka, jicho litakuwa jekundu sana na machozi yenye rangi ya damu yatachuruzika kidogo. Mwandae yeye, na ujiandae wewe. Wekundu huisha katika wiki mbili tatu, nyuzi huyeyuka zenyewe. Tia matone kama ulivyoandikiwa, futa kope kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Bahari, bwawa na michanga visimguse kwa wiki mbili au zaidi. Shule, baada ya wiki moja hivi. Maumivu yanayozidi, usaha, kope kuvimba, homa, kuona kufifia, au jicho kuelekea upande mmoja ghafla: rudi usiku huohuo.

Miwani huvaliwa siku ileile au inayofuata, kama daktari atakavyosema. Plasta nayo hurudi. Hilo liliniuma, kwa kuwa kwenye kioo jicho la binti yangu lilikuwa limenyooka kabisa na jamaa walishaanza kutupongeza. Lakini uvivu hurudi kwa karibu robo ya watoto katika mwaka wa kwanza baada ya kuacha plasta, na wanaoacha ghafla wakiwa bado wanavaa saa sita kwa siku huathirika zaidi kuliko wanaoshuka polepole. Sisi tulishuka kutoka saa nne hadi mbili, tukakaa huko wiki nane, kisha saa moja, kisha siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ana miaka minane sasa, kushoto anasoma 6/9, na kipimo chake kinachofuata cha matone kimezungushiwa duara jekundu kwenye ileile kalenda ya ukutani.